Hedi anataka niwagawe watoto wa P5 kwa "akili nane", nyinyi mmefanyaje?

mwl_wa_koboko:

Walimu wenzangu habari za jioni. Mimi nafundisha P5, yaani darasa la tano la msingi, huku Koboko, West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, shule ya serikali, nina watoto 112 kwenye darasa moja na wengine wanakaa chini maana madawati hayatoshi. Sasa hedi wetu, mwalimu mkuu, likizo hii alienda semina, akarudi na karatasi kubwa ya manila imeandikwa aina nane za akili, akaibandika ofisini kwa walimu alafu akasema kila mmoja apange watoto wake kwa akili zao. Yaani hawa wa lugha, hawa wa hesabu, hawa wa muziki, hawa wa mwili, wa picha na michoro, wa kuelewana na watu, wa kujijua wenyewe, na wa mimea na wanyama. Kila grupu ikae sehemu yake, na lesoni plani ionyeshe kila grupu inafanya nini. Wiki ya tatu ya temu anakuja kukagua.

Mimi si mtu wa kupinga vitu vipya, na ukweli kuna watoto naona kabisa wana kichwa ambacho mtihani hauoni, nina kijana mmoja hesabu za ubaoni anapata sifuri lakini ukimpa redio iliyokufa anairudisha mpaka inaongea. Lakini nitajuaje nani ni nani kati ya watu 112? Na nikishawagawa, hao wa muziki nitawafundisha sehemu na desimali kwa kuimba mpaka lini, PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, haiimbwi! Mwenye kuijua hii kitu anisaidie, na kama kuna shughuli mmefanya zikakubali kwenye darasa kubwa nipeni, ila tafadhali msinitumie zile za intaneti za watoto ishirini kila mmoja na kompyuta yake.

kijana_wa_kasese:

Mwalimu pole na kazi. Mimi niko sekondari, jiografia, ila hii kitu chuoni tulilishwa sana. Mwenyewe anaitwa Howard Gardner, profesa wa Harvard kule Marekani, aliitoa 1983 na wakati huo akili zilikuwa saba tu, hiyo ya mimea na wanyama aliiongeza baadaye miaka ya tisini. Kilichomfikisha hapo ni kwamba alifanya kazi na wagonjwa walioumia ubongo katika hospitali ya wanajeshi wastaafu Boston, anaona mtu maneno yamempotea lakini wimbo bado anauimba, basi akajiuliza kama akili ni kitu kimoja mbona hapa imeharibika upande mmoja na upande mwingine uko salama? Alikuwa anabishana na wale wanaompima mtu kwa namba moja tu, vile vipimo vilivyoanzia Paris mwaka 1905 kwa Binet, ambaye mwenyewe alikuwa anatafuta tu watoto wanaohitaji msaada shuleni, hakutaka kumpa mtu namba ya maisha.

Sasa hedi wako semina kaielewa nusu. Gardner hajasema mtoto huyu ana ya muziki na yule ana ya hesabu. Alisema kila mtu anazo zote, ila zimezidiana, na kwenye kazi yoyote ya maana zinatumika kadhaa kwa pamoja. Angalia mtu anayepiga adungu, kile kinubi cha huko kwenu, anasikiliza, vidole vinafanya kazi, anawaangalia wenzake waingie lini, sasa huyo utamweka grupu gani? Mwaka 2013 Gardner aliandika kwenye Washington Post akilalamika kabisa kwamba watu wanachanganya akili zake na ile habari ya "mitindo ya kujifunza", kwamba huyu anajifunza kwa macho na huyu kwa masikio. Alisema hivyo ni vitu viwili tofauti.

chaki_na_vumbi:

Nakuunga mkono Kasese, ila wewe umeongea kwa upole sana bana. Wataalamu wengi wa saikolojia hata hiyo nadharia yenyewe hawaikubali. Tangu 1904 Mwingereza mmoja, Spearman, alionyesha kwamba wanafunzi wanaofanya vizuri somo moja mara nyingi wanafanya vizuri na mengine, kwa hiyo hizi akili hazijatengana kama vyumba vya nyumba ya kupanga. Na ile ya kumpa kila mtoto somo kwa mtindo wake, Pashler na wenzake walikaa 2008 wakapitia tafiti zote walizopata, hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba inamsaidia mtoto kuelewa zaidi. Hii ya kuwagawa watoto 112 ni nyota za gazetini tu, leo wewe ni ng'e usisafiri, kesho wewe ni muziki usifanye hesabu.

Na madhara yake mimi nimeyaona kwa macho. Mtoto ukishamwambia wewe ni wa mwili, maana yake kwa lugha ya watoto ni "wewe kichwa huna, nenda ukacheze mpira".

mama_pacha_arua:

Mimi si mwalimu ni mzazi tu, naomba niingilie. Nina pacha, wote P5, shule nyingine si hiyo ya Koboko, mmoja mwalimu wake alimwambia ni mtoto wa michoro. Sasa hivi nikimwambia soma ananijibu mama mimi ni wa kuchora. Yuko sawa kabisa na mwenzake kwa kila kitu, walizaliwa siku moja wakala posho moja, lakini huyu mmoja amepata kisingizio cha maisha. Walimu mtuonee huruma, hayo maneno yenu mnayaacha darasani sisi tunaishi nayo nyumbani.

chaki_na_vumbi:

Umeona sasa. Asante dada.

darasa_la_nakivale:

Bonjour na habari zenu. Mimi nafundisha huku Nakivale, makazi ya wakimbizi, watoto wangu wengi ni wa Congo, wengine Burundi na Rwanda na Somalia. Nataka kuongeza kitu kwenye hiyo grupu ya "lugha", maana hapo ndo mtaumiza watu.

Nina mtoto wa kike aliingia P4 bila neno hata moja la Kiingereza, na mnajua kuanzia P4 masomo yanahamia Kiingereza. Testi ya kwanza alipata alama za kutia aibu. Kama hedi wangu angekuwa huyo wenu angemtoa kwenye lugha mbio mbio, pengine angemweka kwenye mwili kwa sababu anabeba maji vizuri. Lakini huyu mtoto nyumbani anaongea Kifuliiru, na majirani anaongea nao Kibembe, Kiswahili chake kinanishinda mimi mwalimu, na sokoni anaanza kuwajibu watu kwa Kinyankole. Mama yake akienda kliniki yeye ndiye anamtafsiria. Sasa niambieni mwenye akili ya lugha zaidi ya huyo kwenye shule nzima ni nani?

Kwa hiyo kitu nilichofanya sikumtafutia grupu, nilibadilisha kazi. Kila Jumatatu dakika kumi za kwanza mtoto mmoja anasimulia kitu kwa lugha anayoijua vizuri, mwingine anakitafsiri kwa Kiswahili, wa tatu anakiweka Kiingereza, alafu darasa zima tunaandika sentensi tatu tu za Kiingereza ubaoni. Wanagombania kutafsiri mpaka natuliza kelele. Na wale wa kimya kimya, hiyo ya kukaa na watu wanajifunza hapo hapo bila kuitwa majina.

mwl_wa_koboko:

Asanteni sana jamani, mmenipa nguvu. Hiyo ya kutafsiri naichukua, huku tuna Kakwa, Lugbara, Nubi, Kiarabu cha Juba, mchanganyiko wa kutosha. Lakini bado sijapata jibu la hedi, siwezi kumwambia Spearman alisema, atanihamishia P1 kesho asubuhi hahaha. Nahitaji kitu cha kumwonyesha.

mnubi_wa_bombo:

Asalaam aleikum wanangu. Mimi nimestaafu, niko Bombo nalea wajukuu, lakini ubao bado unaniita. Mahedi nimewapitia wengi, na mahedi wote wanapenda kitu kimoja, karatasi iliyochorwa mistari. Basi mpe karatasi. Chora jedwali la wiki, si la watoto. Upande huu siku, upande huu zile akili zake nane, alafu kwenye kila chumba andika shughuli ambayo darasa ZIMA litafanya. Jumatatu watatafsiri kama mwenzetu wa Nakivale, Jumanne watachimba mashimo ya omweso, lile bao la mbegu, na kuendelea. Ijumaa kila chumba kimejaa na hakuna mtoto aliyeitwa jina. Akiuliza watoto wa muziki wako wapi unamwambia wote hao, mzee, wote 112, uwasikilize.

Na usijaze vyumba vyote kwa nguvu. Mimi zamani nilikuwa namwona mwenzangu mmoja anawaimbisha watoto wimbo wa mfumo wa chakula tumboni, wimbo mtamu, wanacheza bakisimba kabisa, lakini ukimuuliza mtoto chakula kinaenda wapi baada ya tumbo hajui, anajua kiitikio. Shughuli uichague kwa sababu ya somo lenyewe. Jiulize hili somo lina mwendo ndani yake? Lina umbo? Lina sauti? Kama halina acha, chukua chaki ufundishe.

Hiyo ya omweso nikuelezee maana ndiyo niliyokuwa naipenda. Mnajua omweso una safu nne za mashimo nane nane, yaani mashimo 32 na mbegu 64. Kwa hesabu za sehemu huhitaji safu zote. Watoto saba saba, utapata makundi 16, kila kundi wachimbe safu moja ya mashimo nane hapo nje kwenye udongo, wape mbegu 64. Wagawe sawa sawa, kila shimo mbegu nane. Sasa uliza tatu ya nane ya 64 ni ngapi? Hawaandiki kitu, wanakusanya mashimo matatu wanahesabu 24. Tano ya nane? Arobaini. Robo je? Hapo ndo utamu, wanaanza kubishana, wengine wanachukua shimo moja, wengine mawili, waache wabishane usiingilie. Mwisho uliza mbili ya tano ya 64. Mashimo nane hayawafai, watafukia matatu, watagawa kwenye matano, zitabaki nne mkononi, watakuangalia. Unawaambia nipeni hizo nne, sasa mbili ya tano ya 60 ni ngapi? Alafu ndo unarudi ubaoni na ile kanuni ya kugawa kwa chini kuzidisha kwa juu, na wanaiona wanaijua tayari.

Humo kuna akili ngapi za manila ya hedi? Kuna hesabu, kuna mikono, kuna kuelewana na wenzio, kuna umbo. Andika zote nne kwenye karatasi atafurahi.

kijana_wa_kasese:

Mzee Bombo nakuvulia kofia. Mwalimu wa Koboko, SST (maarifa ya jamii) ya P5 si ndo Uganda nzima, milima, maziwa, hali ya hewa? Basi chukua hii, mimi naifanya na S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, lakini P5 inakubali. Tafuta kamba ndefu ya katani na uwanja. Watoto watano wakubwa wanakuwa maziwa, Victoria, Kyoga, Albert, Edward na George. Kaskazini ionyeshwe kwanza, waweke jiwe kubwa. Victoria anasimama kusini mashariki anashika mwanzo wa kamba, anampa mtoto wa Jinja, kamba inapanda mpaka Kyoga, kutoka Kyoga inapita Karuma na Murchison inageuka magharibi mpaka Albert, alafu Albert anaitoa tena kaskazini kupita Pakwach mpaka Nimule anaingia Sudan Kusini. Watoto wengine wanasimama kwenye wilaya wanazozijua, na hapo wa kwenu wataona wako upande gani wa kamba.

Sasa wale wa kwetu, George na Edward, wanabaki wamejitenga huku chini. Waulize maji ya hawa yanaenda wapi? George anapitia mfereji wa Kazinga kwenda Edward, Edward anatoa Semliki, Semliki inapita upande wa Congo inarudi kuingia Albert. Kumbe Albert analishwa na pande mbili! Watoto wa S1 kwenye mtihani hapo ndo wanapoanguka kila mwaka, wanadhani maziwa yote yanatoka Victoria. Tangu nianze kamba hiyo swali hawanisumbui. Na huku sekondari mtaala mpya ulioanza S1 mwaka 2020 kazi za mwaka mzima zinabeba asilimia 20 na mtihani wa taifa wa UNEB 80, kwa hiyo hii michezo si kupoteza muda, mtoto aliyezoea kufanya kitu na kukieleza anafika kwetu yuko tayari.

mama_pacha_arua:

Hii ya kamba hata mimi mtu mzima imenifundisha, Semliki nilikuwa nasikia tu redioni.

darasa_la_nakivale:

Na sayansi usisahau nyuki, P5 kuna ufugaji wa kuku na nyuki. Nyinyi watu wa West Nile asali ya Yumbe inauzwa mpaka Kampala, watoto mizinga wanaijua kuliko sisi walimu. Ila kitu ambacho wengi hawajui ni ile ngoma ya nyuki. Nyuki akipata maua anarudi mzingani anacheza kwenye sega, anatembea mstari ulionyooka huku anatikisa kiuno, anazunguka anarudi, anacheza tena. Sega limesimama wima, kwa hiyo akicheza kwenda juu moja kwa moja maana yake maua yako upande wa jua, akipinda kulia kidogo maana yake yako kulia kwa jua kwa pembe ile ile. Na akitikisa muda mrefu maana yake ni mbali. Karl von Frisch wa Austria ndiye aliyeigundua maana yake, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili.

Mchezo wenyewe ni hivi. Darasa mizinga minne, kila mzinga kona yake. Toa mtoto mmoja wa kila mzinga, ficha kijerikeni mahali yeye tu anaona, ndo maua. Chora mstari chini wenye alama ya jua, arudi acheze, haruhusiwi kuongea wala kunyoosha kidole. Mtikiso mmoja ni hatua kumi. Wenzake wamwangalie, wahesabu, waende wakatafute. Fanya asubuhi jua likiwa bado chini upande, maana huku kwetu kwenye ikweta saa sita jua liko utosini halina upande, watoto watapotea wote hahaha. Baadaye wachore kwenye daftari pembe aliyocheza, na hapo umeingia hesabu za pembe bila kuwaambia.

Mtoto wako wa redio mpe kazi ya kutengeneza kitu cha kupimia hiyo pembe, kwa kadibodi na kizibo. Usimwambie ni akili gani. Mwache atengeneze, alafu na yeye aandike sentensi tano za Kiingereza ya jinsi alivyotengeneza, asikwepe.

chaki_na_vumbi:

Hiyo ya mwisho ndo muhimu, asikwepe. Mtoto mwenye mikono mizuri bado anahitaji kusoma na kuandika, na PLE ndo mlango pekee tulionao saa hizi tupende tusipende. Mimi bado nasema hiyo manila ya hedi ni ya kutoa ukutani lakini hizi shughuli sina ugomvi nazo, nadhani zingefaa hata kama Gardner asingezaliwa.

mwl_wa_koboko:

Jamani nimeshaanza kuchora hilo jedwali la wiki, kalamu nyekundu na bluu kabisa, hedi akiliona atalipeleka kwa inspekta. Hesabu za sehemu ninaanza na omweso, wiki inayofuata kamba. Kwenye nyuki nitamwomba mzee mmoja jirani mwenye mizinga aje kuongea nao. Swali langu la mwisho kwa mzee wa Bombo, hizo mbegu 64 kwa makundi 16 ni zaidi ya elfu moja, nizitoe wapi? Nikitumia kokoto hawa watoto ninavyowajua watarushiana.

mnubi_wa_bombo:

Kokoto hapana, utapeleka mtoto kliniki. Mahindi pia hapana, saa nne wana njaa yatatafunwa. Tuma watoto kila mmoja alete vizibo kumi vya soda kutoka sokoni na kwenye maduka, watoto 112 watakuletea zaidi ya unavyohitaji. Hesabuni 64 kwa kila kundi, vifunge kwenye kavera, andika namba ya kundi, na monita wa kundi ahesabu mbele yako wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha. Vikipungua kundi zima linavitafuta kabla ya brek. Na makali ya vizibo yapigwe na jiwe kwanza, yasikate vidole.